Irabu Zilizomezwa na Kituo: Kisa cha Lugha ya Kubuni, Lamu

## Usuli wa kisa

Kisa hiki ni cha vijana saba wa Lamu na lugha ambayo mmoja wao aliibuni. Majina, mtaa na mwaka nimeviondoa. Jina la lugha nimelibadilisha kwa ombi la mwenyewe, humu itaitwa Kirasu. Maneno yake nayo nimeyageuza kidogo, ila viambishi nimeviacha vilivyokuwa, maana kisa chote kimo ndani yake.

Mimi nilikuwa mwalimu msimamizi. Vijana walikuwa wa shule ya upili, umri kati ya miaka 15 na 18, na karibu wote walipita chuoni, yaani madrasa ya Qur'ani, kwa ustadhi kabla ya kuingia darasani kwa mwalimu. Msomaji aliweke hilo akilini tangu sasa. Walikuwa wanatayarisha mchezo wa nusu saa: nahodha wa Lamu anapotezwa na kusi, chombo chake kinatua kisiwa asichokijua, na wenyeji wa kisiwa wana lugha yao. Jukwaani yuko mkalimani.

Jambo lililonivutia ni uamuzi wao kwamba mkalimani hataandikiwa maneno. Wenyeji watasema Kirasu kwa sentensi watakazozitunga papo hapo, naye atafasiri kile alichokisikia. Kwa hiyo Kirasu hakikuwa pambo la masikio. Kilikuwa lugha ya kazi, na kikishindwa kazi, mchezo utashindwa nacho mbele ya watu.

Aliyekibuni nitamwita Mtunzi. Alikuwa kidato cha tatu, kijana mpole, mwenye daftari la kurasa za mraba ambalo halikuwahi kumtoka mkononi. Tulikuwa na wiki 6. Mazoezi tulifanyia kiwandani mwa nyumba ya mmoja wao baada ya isha, ule ua wa ndani wenye kuta nene za matumbawe, ambamo hata mnong'ono husikika.

## Kirasu cha daftarini

Aliyesoma Kiswahili katika shule ya Kenya anazijua shamirisho. "Mama alimpikia mgeni wali kwa sufuria": kipozi ni wali, kitondo ni mgeni, ala ni sufuria. Katika sentensi hiyo nomino zenyewe hazikuguswa. Wali ni wali, uwe umepikwa au umemkaba mtu. Kazi ya kueleza nani katenda nini na kwa ajili ya nani imefanywa na kitenzi, kwa a-, -m- na -i- yake, ikasaidiwa na "kwa" na mpangilio wa maneno. Nomino ya Kiswahili hubadilika mwishoni mahali pamoja tu panapofanana na uhusika, nako ni ile -ni ya nyumbani, baharini, sokoni.

Mtunzi alitaka kinyume. Kitenzi kikae kimya, nomino ndiyo iseme imekuja kufanya nini. Wanaisimu huuita mpango huu uhusika, na Mtunzi aliujua kabla hajalijua jina hilo, kwa kuwa aliusoma chuoni katika nahau, yaani sarufi ya Kiarabu. Waladu ni mtoto aliyetenda, walada ni mtoto aliyetendwa, waladi ni mtoto mwenye kitu au aliyetanguliwa na kihusishi. Irabu zenyewe ni dhumma, fatha, kasra. Hali zake ni marfuu, mansubu, majruri. Alizichukua irabu hizo tatu, akazibandika kwenye mashina yanayoishia kwa konsonanti, kisha akaongeza zake:

-u kwa kiima, -a kwa kipozi, -i kwa mwenye kumiliki, -em kwa kitondo, -ur kwa ala, -ta kwa mahali, -o kwa anayeitwa.

Basi "morin" ni nahodha, "tal" ni samaki, "kesh" ni kuvua. Morinu tala kesh: nahodha kavua samaki. Na kwa kuwa kila nomino imebeba kitambulisho chake, unaweza kusema Tala morinu kesh, au Kesh tala morinu, maana isiyumbe. Uhuru huu wa mpangilio ndio uliomfurahisha kuliko yote, na ninamwelewa. Kwa mtu aliyelelewa na Kiswahili, kuona maneno yanahama na maana inabaki palepale ni furaha ya kweli.

Hakuishia hapo. Aligawa nomino makundi 3: viumbe, vitu vya bahari, vitu vya nchi kavu. Kundi la bahari lilipindua mambo, -i ikawa ya kiima na -u ikawa ya kipozi. Kila kundi lilikuwa na umoja na wingi. Uhusika 7, mara 2, mara 3: jedwali la vyumba 42, limechorwa kwa rula, bila chumba hata kimoja kitupu. Nililisifu mbele ya wenzake. Lilistahili sifa, lakini nililisifu kabla sijalisikia likisemwa.

## Yaliyotokea

Wiki mbili za kwanza tulihifadhi. Msichana mmoja, nitamwita Mhifadhi, alizimaliza fomu zote 42 kwa siku tisa na hakukosea hata moja. Mkalimani alikuwa mzito kidogo, lakini ukimpa sentensi kwenye karatasi aliifasiri sawasawa.

Wiki ya tatu zilianza dalili. Waigizaji walipotunga sentensi zao wenyewe, kitenzi kilianza kuota kiambishi: badala ya kesh, mmoja alisema akesh. Kwa mahali, badala ya kabta, "chomboni", walisema kabni bila kujijua. Katika daftari langu niliandika: makosa, warekebishwe. Mhifadhi alinijia akaniambia, "Mwalimu, mimi nikisema naona kama neno linaisha kabla sijalimaliza." Nilimjibu aongeze mazoezi.

Wiki ya nne tulitoka kiwandani tukaenda pwani, mahali pa wazi, kujaribu mchezo mbele ya wazazi na majirani. Upepo ulikuwepo, watoto walikuwepo, punda naye hakukosekana. Ikafika sehemu ambapo wenyeji wanamfunga nahodha kamba. Kijana aliyeigiza mkuu wa kisiwa akainua mkono, akatoa sentensi fupi aliyoitunga saa ileile: Zim morina. Wamemfunga nahodha.

Mkalimani akageukia hadhira, akatangaza: "Anasema nahodha amewafunga!"

Nahodha alikuwa amelala mkekani, mikono nyuma. Watu walicheka, tena kicheko kirefu. Mkalimani hakujua kosa lake liko wapi, kwa hiyo aliendelea, na kutoka hapo kila sentensi aliifasiri kwa kufuata hadithi iliyokwisha kupinduka. Nahodha akawa mtekaji. Mtunzi aliondoka kabla mchezo haujakwisha.

Usiku ule nilimuuliza mkalimani alisikia nini. "Zim morin, Mwalimu. Mwisho sikusikia kitu, nikafikiri ndiye aliyefunga, maana ndiye mtu pekee aliyetajwa."

## Uamuzi wa kwanza, nao ulikuwa mbaya

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wangu. Niliona vijana hawajahifadhi vya kutosha, nikaamuru jioni mbili za kukariri jedwali, kila mtu kwa zamu, kiwandani. Nilifanya hivyo kwa sababu nami nilifundishwa nahau hivyohivyo na ikaniingia. Baada ya jioni mbili kila mmoja aliweza kusema morinu, morina, morini bila kusita. Tukarudi kwenye sentensi, na kosa likarudi vilevile.

Asubuhi iliyofuata, baada ya alfajiri, niliketi dakani na simu yangu nikasikiliza tena rekodi zote za mazoezi. Hapo ndipo nilipopata. Katikati ya sentensi irabu zote zilikuwepo, safi kabisa: morina tal-em, morinu kabta. Lakini nomino ikiwa ya mwisho, pale msemaji anapokata pumzi, irabu haikuwepo. Si kwa mmoja wao, kwa wote. Na si kwa bahati.

Walikuwa wanafanya wakfu, ile hukumu ya kusimama katika tajuidi, kanuni za kusoma Qur'ani, ambayo kila mtoto wa chuoni huipata mapema kiasi kwamba hakumbuki alifundishwa lini. Neno alamina lina fatha mwishoni, lakini msomaji akisimama hapo husoma alamin. Rahimi lina kasra, akisimama husoma rahim. Irabu fupi ya mwisho huangushwa kituoni. Mtunzi aliwapa vijana hawa lugha yenye sura ya nahau, yenye dhumma, fatha na kasra, isemwe kwa sauti ya heshima mbele ya watu. Ndimi zao zikaifanyia adabu ileile waliyofunzwa. Hakuna aliyeharibu Kirasu. Walikisoma kama walivyofundishwa kusoma maneno yenye sura hiyo.

## Kikao cha kukitengeneza upya

Nilimwendea Mtunzi kwao. Nilimwomba radhi kwanza kwa ajili ya zile jioni mbili, kisha nikamwekea rekodi. Alisikiliza mara tatu kimya. Alipozungumza alisema, "Kwa hiyo, Mwalimu, kiima na kipozi vyangu vinakufa kila mwisho wa sentensi."

"Ndivyo, mwanangu. Lakini sikiliza vilivyobaki hai."

Tulihesabu pamoja. -ta ilibaki: hata irabu yake ikianguka, t inasikika, kabt. -em na -ur zilibaki, kwa kuwa zinafungwa na konsonanti. -o ya kuita ilibaki kwa sababu nyingine: anayeita huvuta, Morinoo!, na irabu ndefu haiangushwi kituoni. Zilizokufa ni tatu tu, nazo ni zile zilizobeba mzigo mzito kuliko zote.

Kikao cha wote kilichukua jioni nzima. Njia zilizowekwa mezani zilikuwa nne.

Ya kwanza ilikuwa kufunga mpangilio, kiima kitangulie daima. Mtunzi aliikataa palepale, na nilimuunga mkono. Mpangilio ukishafungwa, viambishi havina kazi tena, na huo uhuru uliomfanya aanze kubuni ungekuwa umeondolewa.

Ya pili ilikuwa kurefusha irabu za mwisho. Mhifadhi ndiye aliyeileta, na aliijenga juu ya nahau: kitaban, mansubu yenye tanwini (ile n ya mwisho), ukisimama huwa kitabaa. Mansubu huyo haangamii, hugeuka irabu ndefu. Hoja ilikuwa nzuri sana. Tuliijaribu, ikashindwa kwa sababu moja. Mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na vijana walipousogeza mwisho ili kuirefusha irabu, baada ya sentensi tatu ulirudi mahali pake.

Ya tatu ilikuwa konsonanti. Hapa niliwaeleza kuhusu lugha tatu za kubuni za Ulaya. Volapük, ya kasisi Mjerumani Johann Martin Schleyer, mwaka 1879, ilikuwa na uhusika wa irabu tupu kama Kirasu: dom ni nyumba, doma ya nyumba, dome kwa nyumba, domi nyumba iliyotendwa. Tofauti ni kwamba mkazo wa Volapük huangukia silabi ya mwisho daima, kwa hiyo irabu hizo zilipigiwa nguvu na sauti. Esperanto ya Zamenhof, mwaka 1887, mkazo wake uko pale ulipo wetu, silabi ya pili kutoka mwisho, na kipozi chake hubeba n: hundo ni mbwa, hundon ni mbwa aliyetendwa. Alama moja, kwa nomino zote, bila makundi. Ido, iliyotoka ubavuni mwa Esperanto mwaka 1907, iliibakiza n hiyo pale tu kipozi kinapotangulia kiima. Kwa maneno mengine, alama huitwa pale mpangilio unaposhindwa.

Vijana waliipenda -n, na nilidhani kikao kimekwisha. Ndipo msichana ambaye mama yake ni Msomali akasema jambo ambalo sikulitarajia. "Kwetu anayebadilishwa ni yule anayetenda. Mwanamume akiwa ametajwa tu ni ninka. Akiwa ndiye kiima, ninku. Anayetendwa anaachwa kama alivyo." Nikamwongezea kwamba Kioromo nacho, lugha ya ndugu wa jirani zetu Waorma, huenda njia hiyo: nama ni mtu, namni ni mtu anayetenda. Na Wamaasai hubainisha kiima na kipozi kwa kidatu cha sauti. Lugha za jirani zimetuzunguka na uhusika wao, nasi tulikuwa tunautafuta Ulaya.

Njia ya nne ilizaliwa hapo. Kiima ndicho kitiwe alama, kipozi kiachwe mtupu. Na alama isiwe mwishoni. Mkalimani ndiye aliyetaka iwe mwanzoni, kwa sababu ya sikio lake mwenyewe: "Mimi Kiswahili nakisikiliza mwanzo wa neno. Mwisho nishajua." Ni kweli. Ngeli, nafsi, wakati, vyote kwetu hukaa mbele. Lugha nyingi zenye uhusika huuweka mwishoni mwa nomino, lakini zipo zinazouweka mbele. Waberber husema argaz kwa mwanamume, na akiwa kiima kinachofuata kitenzi, urgaz.

Wakakubaliana juu ya en-. Enmorin zim: nahodha kafunga. Zim morin: wamemfunga nahodha. Sentensi ileile iliyotupindua pwani sasa inasimama hata ikimezwa na upepo.

Makundi 3 yalifutwa bila ubishi mkubwa. -ta na -ur zilibaki. -em haikufutwa na mtu, ilijifia: waigizaji walikuwa wameshaanza kuongeza -el kwenye kitenzi, wakiiga kauli yetu ya kutendea, kesh ikawa keshel, "vulia". Mtunzi aliikubali baada ya kuisikia kwa wenzake watatu ambao hawakuambizana.

## Matokeo

Mchezo ulionyeshwa mwisho wa wiki ya sita, pwani palepale. Mkuu wa kisiwa alitunga sentensi mpya, na mkalimani alizifasiri zote bila kumpindua nahodha. Mara moja alimwomba mwenyeji arudie, kwa Kirasu, na hadhira ikadhani imeandikwa hivyo.

Jedwali la kale halikutupwa. Mtunzi alilifanya lugha ya mababu wa kisiwa, akalitungia utenzi wa beti nne ambao mkuu wa kisiwa aliughani kabla ya kumfungua nahodha. Hapa irabu zake zilirudi uhai, kwa kuwa katika utenzi kina ndicho hubeba silabi ya mwisho na mghani huivuta. Washairi wa Kiarabu nao huivuta irabu ya kafia, kina cha mwisho wa ubeti, hata penye kituo. Alipanga kila kipande kiishie kwa kiima, bahari, yaani kina cha mwisho cha kila ubeti, ikawa -u mwanzo hadi mwisho. Nilisisimkwa kusikia dhumma zile zilizokuwa zimekufa zikipita juu ya maji.

Si kila jambo lilikwenda vizuri. Mhifadhi alihisi siku zake tisa zimepotea, na sikuwa na jibu la kumtosha hadi alipopewa kuughani ubeti wa tatu. Mtunzi naye hakuhudhuria siku nne baada ya onyesho la majaribio, na siku hizo nilizisababisha mimi kwa kuwarekebisha waigizaji mbele yake kana kwamba lugha yake ni sahihi na wao ndio wabovu.

## Uchambuzi

Kosa la msingi halikuwa wingi wa uhusika. Kifini kina 15 na watoto wa Ufini wanakisema. Kosa lilikuwa kumpa mtumishi dhaifu kazi kubwa. Irabu fupi, isiyo na mkazo, mwisho wa neno, ni sehemu ya kwanza kuchakaa katika kinywa cha binadamu. Kiarabu cha mtaani, Yemen hata Omani, kimeziacha irabu hizo za mwisho na kinaeleza kiima na kipozi kwa mpangilio. Kilatini kilikuwa na uhusika 6, na sauti zake za mwisho zilipofifia, Kiitaliano na Kihispania hazikuurithi kwenye nomino. Kirasu kilipitia njia hiyo kwa wiki nne, nami nilibahatika kuwa na rekodi.

Kosa la pili ni namna tulivyopima. Kiwandani, kwa karatasi, neno mojamoja, kila kitu kilifaulu. Sentensi zetu za mazoezi karibu zote ziliishia kwa kitenzi, kama Morinu tala kesh, kwa hiyo nomino haikupata kusimama penye kituo. Tuliusifu uhuru wa mpangilio huku tukifanyia mazoezi mpangilio mmoja. Lau ningewataka siku ya kwanza waseme sentensi yenye nomino moja, mwishoni, kwa sauti ya kuita ng'ambo, tatizo lingeonekana kabla ya magharibi. Jaribio la kweli la alama ya uhusika ni nomino iliyo peke yake, kwa kuwa zikiwa mbili moja humsaidia mwenzake: ukisikia tala, hata morin ikikatwa, unajua nani kavua.

Kosa la tatu ni daftari langu la makosa. Akesh, kabni, keshel: niliyaandika kama maradhi ilhali yalikuwa taarifa. Wasemaji walikuwa wananionyesha ni wapi wanatafuta maana, na ni kazi ipi kitenzi chao hakikubali kuiachia nomino. Na maneno ya Mhifadhi, kwamba neno linaisha kabla hajalimaliza, yalikuwa utambuzi kamili wa tatizo, wiki nzima kabla ya aibu ya pwani.

Lililofaa kuliko yote ni mkalimani asiyeandikiwa maneno. Bila yeye tungeonyesha mchezo mzuri wenye lugha isiyosema kitu, na hakuna ambaye angejua. La pili ni simu: kumbukumbu zetu sote zilishuhudia kwamba irabu zilitamkwa, kwa kuwa aliyezikusudia alizisikia kichwani mwake.

Uamuzi wa kukitia alama kiima ninauona bado ni mzuri kwa Kirasu, ingawa si wa lazima. -n ya kipozi ingefanya kazi pia. Ulishinda kwa sababu ulitoka kwa mmoja wao, na kwa sababu hadithi yenyewe inauliza nani katenda.

Limebaki moja, kumiliki. -i ilipoangushwa hatukuipa mrithi. "Kab morin" ilikuwa chombo cha nahodha, lakini kwa kuwa morin tupu sasa ni kipozi, Zim kab morin inaweza kuwa wamekifunga chombo cha nahodha, au wamefunga chombo pamoja na nahodha. Mhifadhi anataka njia ya idhafa, mmilikiwa na mwenyewe wagandane bila pumzi kati yao, na viungo viwili vikitengana viwe vitu viwili. Mtunzi anataka kiunganishi kidogo mfano wa -a yetu. Mara ya mwisho nilipowaona walikuwa kwenye ukuta wa pwani, wamewasha simu irekodi, mmoja akisema sentensi hiyo kwa kila namna na mwenzake akiwa amempa mgongo, akinyoosha kidole kimoja au viwili.